Kufundisha Usanifu Majengo Ndani ya Mji Mkongwe: Mwongozo kwa Walimu wa Studio

Mwongozo huu nimewaandikia walimu wenzangu wa usanifu majengo wanaokusudia kuwapeleka wanafunzi wao Mji Mkongwe wa Zanzibar kwa muhula mzima, si kwa matembezi ya siku mbili ya kupiga picha za milango ya kuchonga. Nimeongoza studio ya namna hiyo, yaani darasa la kusanifu kwa vitendo, kwa miaka kadhaa, na karibu kila nililojifunza linarudi kwenye sharti moja ambalo sasa siliachi: kila mradi wa mwanafunzi lazima uwe na mkazi anayeishi katika nyumba inayosanifiwa, mkazi huyo awe na uwezo wa kuukataa mradi, na kukataa kwake kuhesabiwe katika alama. Bila sharti hilo, maneno kama uendelevu na ushirikishwaji wa jamii hubaki yamepambwa kwenye jalada la kazi, na ndani ya jalada mna hoteli ndogo yenye mgahawa juu ya paa.

Kabla ya muhula

Mji Mkongwe una ukubwa wa hekta 96 hivi, na uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Usijaribu kuufundisha wote. Chagua uchochoro mmoja wenye nyumba kumi au kumi na mbili, na uuchague mahali ambapo watu bado wanaishi: Kiponda, Malindi, Mkunazini au Sokomuhogo hufaa zaidi kuliko sehemu za Shangani zinazotazama bahari, ambako majengo mengi yamekuwa hoteli na mwanafunzi atakutana na meneja badala ya familia.

Nenda mwenyewe kwa sheha, kiongozi wa serikali katika mtaa, kabla hujampeleka mwanafunzi hata mmoja. Barua ya chuo ni ya lazima, lakini haitoshi. Sheha anataka kukuona, kujua vijana watakuwa wangapi, watakaa muda gani, na nani atawajibika kama kikitokea kitu. Baada ya hapo, fika katika Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, kwa kuwa ndiyo inayotoa vibali vya ukarabati, na wanafunzi wanapaswa kujifunza mapema kwamba katika mji huu hakuna dirisha linalobadilishwa kwa uamuzi wa msanifu peke yake.

Kisha tafuta jibu la swali ambalo wasanifu wengi hulidharau: nyumba ni ya nani? Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na familia zilizotoka mashamba na Ng'ambo, upande wa pili wa mji, zikapewa vyumba ndani ya majumba yaliyokuwa ya ukoo mmoja. Nyingine ni mali ya wakfu na zinasimamiwa na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na nyingine zimebaki mikononi mwa watu binafsi, mara nyingi warithi waliotawanyika kati ya Unguja, Dar es Salaam, Muscat na London. Mpangaji wa nyumba ya serikali hawezi kubomoa ukuta, na mrithi mmoja kati ya tisa hawezi kutia saini peke yake. Mwanafunzi asiyejua hili atasanifu kitu ambacho hakuna mtu mwenye haki ya kukijenga, na kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko kukosea vipimo vya ngazi.

Upange muhula uangukie masika. Ukianza mwanzoni mwa Machi, wanafunzi watakuwa wamezizoea nyumba kabla mvua kubwa hazijaanza, na zitakapoanza wataona kwa macho yao kile ambacho kiangazi hukificha.

Majuma mawili bila penseli

Katika majuma mawili ya kwanza huwakataza wanafunzi kuchora jengo lolote. Wanalalamika, hasa wale wenye mkono mzuri, lakini nimeona kwamba mwanafunzi akishachora wazo la kwanza hulipenda, na kila anachoambiwa na wakazi baada ya hapo hukisikiliza kwa kutafuta ushahidi wa kulitetea wazo hilo.

Siku ya kwanza tunasimama Forodhani, mbele ya Beit al-Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Seyyid Barghash, ambalo sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili, wakati ukarabati ukiendelea. Sizungumzi mengi hapo. Nataka tu waelewe kwamba kazi wanayojifunza inahusu uhai wa watu, na kwamba kama jengo maarufu kuliko yote mjini linaweza kuanguka, nyumba ya uchochoroni isiyo na jina iko katika hatari isiyoandikwa na gazeti lolote.

Siku ya pili tunavuka Darajani kwenda Ng'ambo mpaka Michenzani, kwenye majengo marefu yaliyoanza kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, mahali palipokuwa na nyumba za udongo. Wanafunzi wengi hufika pale wakiwa na hukumu tayari. Waombe waiweke kando na wawaulize wakazi wanapenda nini na wameongeza nini wenyewe, kwa sababu watasikia majibu yanayopingana, na ni vizuri wajifunze mapema kwamba jamii haina sauti moja. Matembezi haya yana faida nyingine pia: Mji Mkongwe na Ng'ambo ni mji mmoja uliokuwa umetenganishwa na hori la bahari ambalo baadaye lilifukiwa, na huwezi kuelewa nani anaishi Kiponda leo bila kujua familia yake ilitoka upande gani.

Siku zilizobaki ni za baraza. Kila mwanafunzi hupewa baraza moja na nyakati nne za siku, asubuhi, adhuhuri, alasiri na baada ya magharibi, akae na kuandika nani ameketi, amekaa muda gani, kivuli kiko wapi, na mkokoteni au vespa hupitaje. Ripoti za aina hii huonekana za kawaida mpaka uzipange pamoja ukutani, ndipo inapobainika kwamba jiwe lile lile ni duka la kahawa saa moja asubuhi, mahali pa watoto kufanyia kazi za skuli saa kumi, na pa wazee baada ya sala ya isha. Mwanafunzi aliyekuwa akifikiria kuongeza viti vya mbao huanza kuuliza maswali mengine.

Kuingia nyumbani kwa watu

Mwaka wangu wa kwanza nilifanya kosa ambalo sitaki mwenzangu alirudie. Niliitisha mkutano wa wakazi barazani baada ya sala ya alasiri, wakaja wanaume zaidi ya ishirini, tukazungumza vizuri, na nikarudi nimeridhika kwamba jamii imeshirikishwa. Mapendekezo yote yaliyotoka katika mkutano ule yalihusu taa za njiani, maegesho ya vespa na ukarabati wa baraza. Jiko halikutajwa, choo hakikutajwa, wala ngazi zenye giza ambazo wanawake hupanda na ndoo za maji mara kadhaa kwa siku. Nusu ya nyumba haikuwapo kwenye kikao, na mimi sikuliona hilo mpaka mwanafunzi mmoja wa kike alipokaribishwa ndani akarudi na orodha tofauti kabisa.

Tangu hapo wanafunzi huenda wawili wawili, mmoja wao akiwa wa kike. Hupiga hodi na kungoja, hutoa salamu kamili kabla ya kutaja shida yao, huvua viatu, na ziara ya kwanza haina kamera wala tepu ya kupimia. Wanamwamkia mkubwa wa nyumba hata kama aliyewafungulia ni kijana wa umri wao. Picha hupigwa katika ziara ya tatu, kwa idhini, na mwenye chumba akishaonyeshwa anaweza kuagiza ifutwe. Wafundishe pia kwamba mpangilio wa nyumba hizi, kuanzia baraza hadi ukumbi, kutoka ukumbi hadi uani, na kutoka uani hadi vyumba vya juu, ni ngazi za faragha zilizopangwa kwa makusudi, na kwamba anayekaribishwa ukumbini hajakaribishwa juu.

Maswali yawe ya matendo, yasiwe ya maoni. Ukimwuliza mtu angependa nyumba yake iweje, atakujibu kwa adabu kitu anachodhani unataka kusikia. Ukimwuliza jana maji aliyapata wapi, aliyapandisha nani, mvua ilipoanza alisogeza nini, na mgonjwa akitokea ghorofa ya pili huteremshwaje, atakueleza nyumba nzima.

Yafuateni maji

Kama ningelazimika kubaki na zoezi moja tu katika muhula mzima, ningebaki na hili. Kuta za nyumba hizi ni nene, mara nyingi zaidi ya nusu mita, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na udongo mwekundu. Sakafu za juu zimebebwa na boriti za mikoko zilizopangwa karibu karibu, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa vyumba, yapata mita mbili na nusu hadi tatu. Muundo huu hudumu sana ukiwa mkavu. Nyumba iliyojengewa familia moja ilipogawanywa kwa familia sita, vyoo na majiko viliongezwa juu, mabomba yakapitishwa juu ya kuta, na maji yakaanza kupenya mahali ambapo hayakukusudiwa kufika. Ncha ya boriti iliyozama ukutani huoza bila kuonekana. Mtu akiona sakafu inavuja humwaga zege juu yake kuzuia uvujaji, na sasa boriti iliyooza inabeba mzigo mzito kuliko ule uliokuwapo ilipokuwa nzima.

Wagawe wanafunzi kwa nyumba, kikundi kimoja nyumba moja, na waanze juu ya paa. Wachore njia ya kila tone: linaanguka wapi, mlizamu wa kutolea maji ya paa umeziba au umevunjika, maji yanashukia ukuta gani, yanaingia uani au yanabaki juu ya dari. Baada ya hapo, kwa ruhusa ya wenye nyumba, wamwage ndoo ya maji yaliyotiwa rangi ya chakula katika choo cha juu na kusubiri chini na tochi waone yanatokea wapi. Mara nyingi hutokea chumba ambacho hakuna aliyekidhania. Fundi huwafundisha kugonga boriti moja moja kwa nyundo ndogo karibu na ukuta na kusikiliza: nzima hulia, iliyooza hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, na bisibisi ikisukumwa pale huzama kama kwenye keki. Kila boriti mbovu hutiwa alama kwenye mchoro. Huu ndio mchoro wa kwanza ninaowaruhusu kuuchora, na ndio ninaoupa alama nyingi kuliko wowote.

Chokaa, boriti na hesabu ya uendelevu

Usiwaeleze wanafunzi kwa maneno tu kwamba saruji haifai kwenye kuta hizi. Jengeni katika ua wa chuo vipande viwili vya ukuta wa mawe ya matumbawe, vya kimo cha kiuno, kimoja mkipige lipu ya chokaa na kingine lipu ya saruji, kisha vyote viwili vikae ndani ya karai la maji ya bahari. Kwa majuma yanayofuata wapime kila Jumatatu unyevu umepanda mpaka wapi. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya maji na kuyaachia hewani. Saruji huyafungia ndani, yakapanda juu zaidi, na chumvi ikaganda nyuma ya lipu mpaka lipu inabanduka na kuondoka na uso wa jiwe. Mwanafunzi aliyeshika kipande hicho mkononi hasahau.

Hata hivyo, usimwache aamini kwamba kila cha kale ni rafiki wa mazingira. Chokaa ya jadi huchomwa kwa tanuu la magogo, na magogo hayo ni miti. Boriti zilitoka kwa wingi katika delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, zikasafirishwa kwa majahazi hadi Oman na nchi za Ghuba, na leo mikoko hiyo hiyo tunaihitaji kulinda pwani na mazalia ya samaki. Mwanafunzi anayeandika "boriti mpya za mikoko" kwenye mchoro wake lazima aseme ni ngapi, za urefu gani, zitatoka wapi na kwa kibali cha nani. Mara nyingi hesabu hiyo humrudisha kwenye njia nyingine: kutumia tena boriti nzuri za jengo lililoanguka, kukata ncha iliyooza na kuunga mbao iliyotiwa dawa, au kuhamisha choo ili sakafu ya zamani ibaki. Kutengeneza kilichopo ndiyo hatua ya kwanza ya uendelevu katika mji huu, na ni hatua inayohitaji akili nyingi ingawa picha yake haivutii.

Kuhusu joto, wape vipimajoto vinne vya bei nafuu waviweke uchochoroni, uani, ukumbini na chumba cha juu chini ya bati, wasome saa mbili asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, kwa siku saba. Wakimaliza watakuwa na sababu yao wenyewe ya kuheshimu uchochoro mwembamba na ua ulio wazi, na watajua kwamba kuziba ua ili kupata chumba kimoja zaidi huwagharimu wote wanaoishi juu yake.

Fundi mwashi na seremala anayejua kazi za kale wawemo studio tangu juma la tatu, na walipwe kama wahadhiri wa muda wanavyolipwa. Nasisitiza malipo. Chuo kinachomwita fundi kuja "kushirikiana" bila ujira humfundisha mwanafunzi kwamba ujuzi wa mikono hauna bei, na mwanafunzi huyo atakapokuwa msanifu atamfanyia fundi wake vivyo hivyo.

Mchoro unaoweza kukataliwa

Katika juma la nane kila mwanafunzi humpelekea mkazi wake pendekezo la kwanza. Michoro iwe mikubwa, ramani ya sakafu kwa kipimo cha 1:20, vyumba viandikwe kwa majina yanayotumika nyumbani humo, na kuwe na kigezo, yaani mfano mdogo wa nyumba, cha makaratasi magumu ambacho mtu anaweza kukifungua paa na kuchungulia ndani. Watu wengi hawasomi mkato wa jengo, na si kazi yao kuusoma.

Nakumbuka kijana mmoja hodari aliyesanifu ua wa nyumba yenye familia tano kuwa mahali pa mikutano na maonyesho ya kazi za mikono, pamepandwa mimea, pana mwanga uliopangwa vizuri. Bibi aliyeishi ghorofa ya kwanza alikipokea kigezo, akakigeuza taratibu, akaweka kidole katikati ya ua na kuuliza, "Mwanangu, kamba ya nguo umeiweka wapi?" Kijana akajibu kwamba zinaweza kuanikwa juu ya paa. Bibi akamwambia paani hapandi tena, magoti hayamruhusu, na kwamba kamba imefungwa pale ilipo kwa sababu jua huingia uani kuanzia saa nne hadi saa saba, nguo zikakauka, na kwa kuwa wanawake wote huanika pale, ndipo wanapoonana. Akamrudishia kigezo chake. "Huu sikubali," akasema, bila ukali.

Kijana alikaa kimya siku mbili. Alichokileta baadaye kilikuwa kidogo kuliko cha kwanza: mtaro mpya wa kuyatoa maji uani, mawe ya sakafu yaliyorudishwa ili pasiteleze, choo cha juu kilichosogezwa upande wa ukuta mnene ambako bomba lingeweza kushuka wima, na nguzo mbili za mbao za kamba ya nguo zilizopimwa kwa njia ya jua. Familia zote tano zilikubali. Ndiyo kazi bora niliyoisahihisha mwaka ule, na niliipa alama za juu mbele ya wenzangu waliodhani haina usanifu wa kutosha.

Baada ya kukataliwa au kukubaliwa, kila pendekezo ligawanywe kwa uwezo wa kulitekeleza: lipi mkazi anaweza kulifanya na fundi mmoja kwa siku tatu, lipi wapangaji wote wakichanga, na lipi linangoja serikali, wakfu au warithi. Bei ziulizwe dukani Darajani, zisinakiliwe kutoka kitabuni. Nimeshaona mwanafunzi akigundua kwamba mlizamu mpya na mikokoteni miwili ya chokaa ingeokoa sakafu ambayo ripoti yake ilikuwa imeitengea mamilioni.

Alama na makabidhiano

Wasilisho la mwisho lifanyike mtaani, ukumbini au katika darasa la skuli ya jirani, kwa Kiswahili, katika nyakati mbili ili wanawake na wanaume wote wapate kuja. Kwenye meza ya wasahihishaji akae mkazi, fundi mwashi na mtaalamu wa Mamlaka pamoja na walimu. Mimi hutoa theluthi moja ya alama kwa uchunguzi wa nyumba na maji, theluthi moja kwa pendekezo, na theluthi iliyobaki kwa jinsi mwanafunzi alivyopokea kukataliwa na alichobadilisha kutokana nako. Idara nyingine zitakuwa na kanuni zao, lakini sehemu hii ya tatu msiipunguze sana, kwa kuwa wanafunzi husoma thamani ya jambo kwenye jedwali la alama kabla ya kuisoma mahali pengine popote.

Usiwaahidi wakazi kwamba chuo kitajenga. Waambie tangu siku ya kwanza watakachopata: vipimo sahihi vya nyumba yao, ramani ya boriti mbovu, na makadirio ya gharama, vyote vikiwa vimechapwa na kuachwa mikononi mwao, nakala moja kwa sheha na nyingine kwa Mamlaka. Nyumba moja niliyofanya nayo kazi iliambatisha michoro ya wanafunzi kwenye ombi lake la ukarabati, ikaokoa gharama ya kumlipa mpimaji. Boriti ikionekana kuwa hatari wakati wa uchunguzi, usisubiri wasilisho. Mwite fundi siku hiyo hiyo, chumba kihamwe, na barua iende kwa mwenye nyumba kabla jua halijazama.

Mwaka unaofuata, kundi jipya lianze kwenye nyumba zile zile, na michoro ya waliotangulia mkononi, wakague boriti zilizotiwa alama moja baada ya nyingine. Nenda nao mwenyewe siku hiyo, upige hodi, na kama ndoo bado imewekwa chini ya dari mahali ilipokuwa, juma la kwanza la muhula wenu mpya lianzie hapo.